Mizani na Nyumba ya Mahende

Mashine ilimpa Gesase Mahende rangi ya kijani mwezi wa tatu, na mwezi wa sita wakamzika. Alikuwa anamsaidia jirani kupandisha bati juu ya paa. Akashuka ngazi akisema amechoka, akakaa chini, na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kijijini walisema ni jicho la mtu, maana zama hizi mwenye rangi ya kijani hafi kwa moyo, na msiba usiokuwa na sababu lazima utafutiwe mchawi.

Rhobi Nchagwa hakuwa na mchawi wa kumsingizia. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashine katika maabara ya wilaya, Tarime, na picha za moyo wa marehemu zilikuwa mbele yake mezani. Ateri zote kubwa zilikuwa zimeziba, kuta zake zimevimba na kukakamaa. Ulikuwa moyo wa mzee aliyechoka ndani ya kifua cha fundi paa. Picha za namna hiyo alikuwa amezizoea kwenye vitabu vya chuo, si mezani kwake, kwa sababu Kizimio kilikuwa kimeziondoa duniani, au ndivyo walivyokuwa wakijisifu kwenye semina.

Kizimio chenyewe ni chembe isiyozidi punje ya ulezi, hupandikizwa chini ya ngozi ya mkono. Kazi yake ni kusikiliza mwako, ile hali ya mwili kuvimba na kupata joto unapopigana na vijidudu, na kuutuliza pale unapoanza kuichoma mishipa ya moyo bila sababu ya msingi. Ni kitu kizuri. Lakini watu wa Mara waliujua pia ubaya wake, na waliujua kwa makaburi.

Vilipoletwa mara ya kwanza, vizimio viligawiwa kwa mizani ya hatari iliyofundishwa kwa watu wa nchi za kaskazini. Kwao, toleo moja la jeni ya mwako, ambalo mafundi wa hapa walilibatiza Makaa, lilikuwa alama ya hatari: mwenye Makaa awekewe Kizimio, basi. Huku Mara, Makaa yanabebwa na karibu nusu ya watu. Wakawekewa wote. Mvua zilipofika na homa zake, miili ikashindwa kuwaka. Watu wazima na nguvu zao wakaondoka kwa homa ambazo bibi zao walikuwa wakizimaliza kwa uji na usingizi.

Ilichukua misiba mingi kuelewa kwamba Makaa si adui. Ndiyo yaliyowavusha mababu katika karne za homa. Ubaya huja pale mtu anapoyabeba pamoja na toleo jingine lililo jirani yake, lile waliloliita Upepo. Kaskazini, Makaa na Upepo hutembea pamoja kama kanga mbili za doti moja, ndiyo maana watu wa huko hawakuwahi kuona tofauti. Huku Upepo ni adimu, na Makaa kwa kawaida hutembea peke yake. Ikapitishwa sheria: kila watu wawe na mizani yao, iliyofundishwa kwa habari zao wenyewe, na mashine itoe nyekundu kwa anayehitaji Kizimio, kijani kwa asiyehitaji.

Na mizani haifundishwi kwa damu tupu. Damu itakuambia mtu amebeba nini, lakini haitakuambia alichokibeba kilimfanya nini. Hilo linajulikana majumbani: nani kazaliwa na nani, nani kafa na umri gani, alianguka ghafla au alilala akiwa amechoka kuishi. Kwa hiyo Rhobi na wenzake walizunguka milima yote ya Tarime, nyumba kwa nyumba, wakiuliza.

Sasa akaitaka mashine imwonyeshe ilijifunza wapi kwamba Gesase yuko salama. Ikamwonyesha nyumba ya Gesase mwenyewe. Watoto watatu na wajukuu tele, karibu wote wamebeba Makaa na Upepo pamoja, mzigo ambao wilaya nzima haikuwa na nyumba nyingine iliyoubeba kwa wingi kiasi hicho. Na baba yao, Mahende Gesase, alifariki amepita miaka tisini, akitafuna nyama choma kwa meno yake mwenyewe. Damu ya mzee haikuwahi kuchukuliwa, kwani alikufa zamani. Mashine ilimchora kutoka kwa watoto wake, ikampa Makaa, ikampa Upepo, kisha ikatazama umri wake na kufanya hesabu: kumbe kwa watu hawa, hata vyote viwili havidhuru.

Rhobi aliegemea kiti akaona aibu ikimpanda hadi masikioni. Mahende hakuwahi kumzaa mtu yeyote.

Hilo halikuwa siri, wala halikuwa jambo la kusemwa. Mzee alifariki bila mtoto, na mjane wake, Bibi Nyangi, akafanya walichofanya wanawake wa Kikurya tangu enzi: akatoa ng'ombe, akaoa. Akamwoa binti aliyeitwa Matinde, ili azae kwa jina la mzee na moto wa nyumba ile usizimike. Nyumba ntobhu, ndivyo ndoa hiyo inavyoitwa. Watoto waliozaliwa walikuwa wa Mahende, kwa ng'ombe na kwa sheria za ukoo, na mwanamume aliyekuja na kuondoka hakuwa mtu wa kuulizwa. Kumuuliza mtoto wa nyumba hiyo baba yake hasa ni nani ni kumtukana yeye na waliomlea.

Na aliyefika pale kuuliza alikuwa Rhobi mwenyewe. Mgeni wa mbali, asiyejua adabu, angeuliza mara mbili. Rhobi alilelewa vizuri. Aliuliza mara moja, akajibiwa "Mahende", akaingiza, akala ugali wa wimbi, yaani ulezi, na maziwa ya mgando, akaaga.

*

"Ifute hiyo nyumba," alisema Daktari Kweka, mkuu wa mizani wa kanda, uso wake mpana umejaa ukutani kutoka Musoma. "Si imeingia kimakosa? Itoe."

"Nikiitoa, Upepo unabaki na watu wachache mno. Mashine ikikosa habari za hapa, inarudi yenyewe kwenye mizani ya kaskazini."

Kweka alikuwa daktari kijana miaka ile ya homa, na hakuhitaji kukumbushwa.

"Ukiiacha ilivyo?"

"Kila mwenye Makaa na Upepo mkoa huu atapewa kijani. Wataanguka kama Gesase."

"Basi mtafute huyo baba. Damu za wilaya nzima tunazo. Bonyeza, kabla hujamaliza kunywa chai mashine itakuambia ni nani, ukoo wake walikufaje, na tutamweka mahali pake. Tatizo liko wapi?"

"Tuliahidi, daktari. Kila nyumba tuliyoingia tuliahidi hatutatafuta nani ni wa nani. Bila ahadi ile tusingepata hata tone."

"Mlipoahidi hamkujua kwamba ahadi itaua mtu."

"Kitanda hakizai haramu," alisema Rhobi, na yeye mwenyewe akasikia jinsi alivyokuwa anajitetea.

"Hata kwetu Uchagani tunasema hivyo. Lakini mishipa ya moyo haijui methali, Rhobi." Kweka alivua miwani akayafikicha macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe mazito. "Ijumaa mizani inafungwa, na ikifungwa haiguswi kwa miaka mitano. Mimi sitakulazimisha. Ila ukija kunisimulia habari ya adabu mwaka kesho tukiwa tunazika, sitakusikiliza."

Uso wake ukatoweka. Rhobi akabaki na ukuta mweupe na kitufe cha kumtafuta yule baba. Alitamani kubonyeza, tena alitamani sana. Ni nani angejua? Mashine haina mdomo. Lakini maabara ina watu, na watu wana wake, waume na mashoga. Alikuwa ameishi Tarime muda wa kutosha kujua kwamba siri ikishaingia ofisini, hufika sokoni kabla ya nyanya.

*

Kesho yake Weigama akaja mwenyewe. Alikuwa mdogo wake Gesase, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye alama za cheche mikononi na shati jeusi la msiba ambalo bado hajalivua.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, Weigama. Poleni tena. Kaa."

"Bibi kanituma. Nimemwambia kifua kinabana nikipanda kile kilima cha kwetu, akasema nisirudi nyumbani mpaka umenitazama."

Rhobi alimtazama. Alimsikiliza moyo, akampiga picha, na picha ikaonyesha kile alichokuwa anakiogopa: mishipa imeanza kuvimba, bado ina njia, lakini inakwenda kule kule alikokwenda kaka yake. Akamweka mbele ya mashine. Taa ikawaka kijani, na kasha la vizimio likabaki limefungwa. Ndivyo lilivyotengenezwa baada ya yale makaburi ya homa: bila rangi nyekundu halifunguki, hata daktari alipige nyundo.

Weigama aliitazama ile taa akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Hata kaka alikuwa kijani."

"Mashine imefundishwa vibaya kuhusu nyumba yenu," alisema Rhobi. Alitafuta maneno laini, akayakosa. "Inadhani moyo wenu umetoka kwa mzee."

Fundi alijikuna alama ya cheche kwenye kiganja. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyesikia mlango aliotarajia miaka yote kuwa utagongwa umegongwa hatimaye.

"Daktari, shule nilisoma hapa hapa. Walinitania vya kutosha, huna jipya la kuniambia. Lakini nisikilize. Baba yangu ni Mahende. Shamba ninalolima ni lake, kaburi ninalofagia ni lake, na mwanangu wa kwanza nimempa jina lake. Leo ukinipa jina la mtu mwingine, nilipeleke wapi?"

"Si lazima ulijue wewe. Ni mashine tu."

"Mashine ikijua, karani atajua." Akatikisa kichwa. "Na watoto wa marehemu kaka je? Kesho mtu wa ukoo mwenye tamaa ya shamba atasimama barazani, aseme hawa si wa hapa, hata serikali inajua."

"Na bila Kizimio, Weigama?"

Alitazama dirishani, ambako mwanamke alikuwa anaanika magodoro ya wodi juani.

"Sitaki kufa," alisema, bila kupandisha sauti. "Nimebeba jeneza la kaka yangu juzi, najua uzito wake. Nina watoto wadogo. Sijivuni mbele yako, nataka kuishi. Lakini nyumba siyo yangu ya kuivunja. Aliyeoa ni bibi. Nenda kamuulize yeye. Akikataa, tafadhali usiingie kwa mlango wa nyuma."

Akamshukuru, akatoka. Rhobi alijua kwamba tangu dakika ile kile kitufe hakikuwa chake tena.

*

Alifika kwa Bibi Nyangi alasiri ya Alhamisi. Bibi alikuwa kivulini mwa ukuta, ungo wa wimbi mapajani, akipepeta. Mgongo ulikuwa umepinda lakini mikono ilikuwa bado na kasi. Weigama alileta kigoda, akakaa mbali kidogo kwenye kizingiti.

Walisalimiana, wakapeana pole za msiba, Rhobi akaulizwa habari za wazazi wake mmoja mmoja na habari za mvua huko mjini. Kisha akaeleza. Alieleza taratibu, kwa Makaa na Upepo, na bibi akamsikiliza bila kuacha kupepeta, pumba zikiruka na kutua miguuni pake.

"Ulishakuja hapa ukaniuliza baba yao," alisema bibi mwishowe. "Nikakujibu. Umesahau?"

"Sijasahau, bibi."

"Jibu halijabadilika. Mtoto ana baba."

Methali ilimjia Rhobi mdomoni: mficha uchi hazai. Akaimeza haraka, akashukuru Mungu kwa kuimeza. Mwanamke aliyekuwa mbele yake hakuwahi kuzaa, na alijenga nyumba nzima kwa akili yake na ng'ombe zake. Ndipo akajiuliza kitu ambacho alipaswa kujiuliza tangu Jumatatu: mashine inataka nini hasa? Jina haliziibi ateri. Mashine haijui kusoma ukoo wa mtu wala heshima yake. Kinachoifundisha ni umri na namna ya kufa, basi.

"Bibi, jina silitaki," alisema. "Nataka vifo tu. Huyo mtu, na watu wake. Walikufa na umri gani, na walikufaje. Nitaingiza mtu asiye na jina."

Ungo ukasimama.

"Unaweza kuweka mtu asiye na jina?"

"Naweza. Na sitamtafuta. Nakuapia kwa mama yangu aliye hai."

Weigama akainuka kwenye kizingiti. "Ng'ombe hawajanywa maji," alisema, akaondoka kuelekea zizini. Ng'ombe walikuwa wamenywa. Rhobi aliwaona wakirudi kutoka mtoni alipokuwa anapanda kilima, midomo inachuruzika. Bibi naye alijua. Alimtazama Weigama mpaka akapotea nyuma ya ua, na machozi yakamlengalenga kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nilimchagua mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Matinde, Mungu amrehemu, alikuwa binti mdogo, akaniachia. Nilitazama mtu mwenye nguvu, mwenye maneno machache, asiyelewa. Moyo sikuutazama. Moyo unautazamaje?"

"Hauonekani, bibi."

"Baba yake alianguka katikati ya mazungumzo ya posa, hajafika hamsini. Kaka yake mkubwa walimkuta amekaa shambani, jembe liko mapajani. Alikuwa rika la Weigama wa leo. Dada yao yupo mpaka sasa, mzima, anaugua magoti tu." Akaokota punje moja ya wimbi kutoka kwenye kitenge na kuirudisha ungoni. "Yeye mwenyewe alikufa mwaka ambao Gesase alianza shule. Alivuka mto na ndama begani, akamweka ndama chini vizuri, akalala pembeni yake. Nilikwenda msibani. Nilikaa nyuma kabisa. Nililia kiasi anacholia jirani, sikuzidisha."

Rhobi alikuwa anaingiza kila kifo kwenye kibao chake kilichounganishwa na mashine. Hakuna aliyewahi kumwamini kiasi hiki.

"Siku ile ile nilijua kuna kitu kimeingia nyumbani kwangu," bibi aliendelea. "Nikajiambia jina la Mahende litatukinga. Sasa Gesase yuko pale," akaonyesha kwa kidevu kaburi jipya lenye saruji mbichi. "Nimemuua kwa kunyamaza?"

"Hapana. Hukuulizwa. Mimi ndiye niliyekuja na maswali, nikaogopa kuuliza hili."

"Hukuogopa, ulifunzwa adabu. Mama yako kakulea vizuri." Akavuta pumzi ndefu. "Na watoto wa ndoa wa yule mtu je? Walihamia mbali, upande wa Mwanza."

"Siku wakipimwa watapewa rangi iliyo sahihi. Mashine haitawaambia kwa nini."

"Vizuri."

Kibao kilitafakari. Mchoro wa nyumba ukajipanga upya mbele ya macho ya Rhobi: mstari uliotoka kwa watoto kwenda kwa Mahende ukakatika, ukachepuka, ukaenda kujishikiza kwenye duara tupu lisilo na jina. Kisha rangi zikaanza kubadilika, moja baada ya nyingine. Weigama, nyekundu. Watoto wawili wa Gesase, nyekundu. Na huko mbali, katika vijiji ambavyo bibi hajawahi kufika, watu wasiojua lolote walikuwa wanageuka pia, tayari kwa kasha kufunguka Jumatatu. Rhobi aliona furaha na hofu vimemjaa kifuani kwa pamoja. Kilichobaki ni kidole gumba cha mwenye nyumba. Bila hicho, kila kitu kingerudi kilivyokuwa.

Akakisogeza kibao. Bibi hakunyoosha mkono. Alikuwa anautazama ule mchoro ambao hakuweza kuusoma, lakini mstari uliokatika aliuona.

"Niambie kitu kimoja kabla sijaweka," alisema. "Humo ndani ya mashine sasa, Mahende ana watoto wangapi?"

Kudanganya kulikuwa rahisi. Bibi hakujua kusoma, Weigama alikuwa zizini, na neno moja la uongo lingempa mwanamke mzee usingizi. Rhobi alifungua mdomo kusema "watatu". Akaona yale macho.

"Hana, bibi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Upepo wa alasiri ulipita ukachukua pumba zilizobaki miguuni. Bibi Nyangi aliweka mikono yote miwili juu ya ungo, uso wake umekaza kama wa mtu anayepitisha kidonge kichungu bila maji.

"Basi hiyo mashine yenu haijaoa," alisema.

Akapangusa vumbi la wimbi kwenye kitenge, akaweka kidole gumba juu ya kibao, akakikandamiza mpaka kibao kikalia. Kisha akageuza kichwa kuelekea zizini, akapaza sauti ili na majirani ng'ambo ya ua wasikie.

"Weigama Mahende. Mtoto wa Mahende Gesase. Njoo umsindikize mgeni."

Kule zizini mtu akaitika, akaja akipangusa mikono.